Mtu hakuonywa akiwa hai, mnamwadhibu akiwa kwenye jeneza: tuongee kuhusu mazishi ya Wakristo "wasio na ndoa"

#1 Mleta uzi

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu wa upande wa pili, Bwana Yesu asifiwe.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite atarudi baadaye. Naomba tusitukanane, na tusitaje majina ya mapadre, wachungaji wala parokia, maana sijaja hapa kumshtaki mtu.

Hivi karibuni tumezika mama mmoja huku kwetu Mbagala. Alikuwa anakaanga vitumbua alfajiri jirani na kituo cha daladala, na watoto wengi wa mtaa huu wamekwenda shule wakitafuna vitumbua vyake, wengine kwa mkopo ambao hakuwahi kuudai. Mkatoliki, kabatizwa, kapata kipaimara. Jumuiya, yaani kile kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali nyumba kwa nyumba, ikiwa zamu ya kusali kwake, unakuta jamvi limeshatandikwa na mishumaa ipo tayari kabla mwenyekiti hajafika. Kasoro yake kila mtu aliijua: aliishi na mzee wake tangu mtoto wa kwanza, na huyo mtoto sasa anamaliza chuo, bila ndoa ya kanisa. Mwanzoni mahari haikuisha. Baadaye mahari ikaisha, wakaambiwa harusi bila kamati, ukumbi na keki si harusi, nao hela hiyo hawana. Mwisho ikabaki aibu. Aliwahi kuniambia mwenyewe, "Kaka yangu, na umri huu nivae shela mbele ya watoto wangu wazima?"

Presha ikamchukua usiku. Asubuhi turubai likafungwa, viti vikaletwa, daftari la rambirambi likafunguliwa, na mwenyekiti wa jumuiya akachukua cheti cha ubatizo akaenda nacho parokiani. Aliporudi hakuwaita wafiwa pembeni. Alisimama katikati ya watu akasema kama mtu anayesoma matangazo: marehemu hakuwa na ndoa, kwa hiyo misa hakuna, padre haji, na jumuiya haitashiriki. Kijana mkubwa wa marehemu ndiye alikuwa anaandika rambirambi. Alirudisha kifuniko cha kalamu, akafunga daftari, akaenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na jiko la mama yake. Majirani, wengi wao Waislamu, walikuwa wameshatangulia kuchimba kaburi. Kina mama wachache wa jumuiya walikataa lile tangazo, wakaja na rozari zao, na mmoja wao akaongoza sala kaburini.

Sasa nisieleweke vibaya. Mimi si mtu wa "Mungu anaangalia moyo tu". Naamini katika ndoa ya kanisa, na naamini Kanisa likiacha kuidai litakuwa limewatupa kina mama kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimeona mwanamke kafukuzwa na mashemeji kabla arobaini haijafika. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema watu wakikaa pamoja miaka 2 au zaidi na kuonekana kama mke na mume, inadhaniwa wameoana. Lakini hiyo ni dhana tu, inaweza kupingwa, na mjane anajikuta anatafuta mashahidi mahakamani wakati mwenye cheti anatoa karatasi yake na kunyamaza. Kwa hiyo anayesimama imara juu ya ndoa hawi mkatili. Mara nyingi ndiye anayemwonea huruma mwanamke kuliko sisi tunaosema "waacheni wapendanao".

Kinachoniuma ni kingine. Katika miaka yote hiyo, nani alikwenda kwa yule mama kumwambia, "Dada, hali yako hii haifai, njoo tuone tunaitatuaje"? Nimeuliza. Hakuna. Mchango wa jumuiya ulipokelewa, na wageni wa parokia walikula chakula chake. Hatukumwonya kwa sababu tuliogopa kumuudhi, na kuogopa huko tukakuita upole. Akafa, na ghafla wote tukawa na msimamo. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa huyu mama tulikosa vyote viwili: alipokuwa hai tulimnyima ukweli, alipokufa tukamnyima huruma.

Na hata hiyo sheria inayotajwa misibani, wengi hatujaisoma. Sheria za Kanisa Katoliki za 1983, kanuni ya 1184, zinataja watu wa kunyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani, wazushi (wanaokana fundisho la imani) na wafarakano (waliojitenga na Kanisa) wanaojulikana hadharani, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wengine wa wazi ambao mazishi yao yangeleta makwazo kwa waamini. Lakini inaanza kwa kusema wote hao wananyimwa *isipokuwa* kama kabla ya kufa walionyesha dalili yoyote ya toba. Pakiwa na shaka, anaulizwa askofu. Mama aliyekuwa anasali rozari na wenzake kila wiki, dalili gani nyingine tunatafuta? Na ni nani hasa angekwazika na misa yake, wakati mtaa mzima umekwazika kwa kukosekana kwake?

Karibuni. Wenye mawazo tofauti ndio nawahitaji zaidi.

#2 Mzee wa Kanisa, Kimara

Mleta uzi, nakuheshimu na umeandika kwa staha, ila naomba nisimame upande wa pili.

Mimi ni Mlutheri, mzee wa kanisa wa siku nyingi. Wewe unasema hakuna aliyekwenda. Kwetu tunakwenda. Tumekwenda kwa watu tukaambiwa tusiingilie maisha yao, tumefungiwa geti, na mwinjilisti wetu alishaitwa mbea mbele ya watoto. Mtu anatengwa kundini kwa utaratibu, anajua, na anajua pia njia ya kurudi kundini, hataki. Halafu siku ya msiba ndugu wanakuja usharikani wakiwa wakali, wanataka kengele, kwaya na mchungaji na majoho yake. Je, vijana walioko kwenye turubai wanajifunza nini? Wanajifunza kwamba unaweza kuishi upendavyo na mwisho unapewa sawasawa na aliyejinyima.

Paulo katika 1 Wakorintho 5 aliwaambia wamwondoe kati yao yule mtu aliyekuwa anaishi na mke wa baba yake. Mathayo 18 Bwana mwenyewe anasema asiyelisikiliza kanisa awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Huruma isiyo na mpaka inageuka dharau kwa waliotii.

#3 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kuja na hoja.

Kwanza nakubali: aliyetembelewa, akaonywa, akakataa kwa kinywa chake hadi mwisho, si sawa na yule mama wa vitumbua. Huyo mkifanya ibada fupi nyumbani badala ya kanisani, nitaelewa. Kinachonisumbua ni kwamba wote wawili tunawasomea tangazo lile lile.

Mathayo 18 haianzi na mtoza ushuru. Inaanza na "nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu". Halafu chukua mmoja au wawili. Halafu ndipo kanisa. Ni hatua tatu za kumfuata mtu nyumbani kwake, na ya kwanza ni ya siri. Mwenyekiti wetu aliruka zote akaanzia kwenye turubai. Halafu mzee wangu, yule aliyeandika injili hiyo, kwa mapokeo ya Kanisa, ni Mathayo, na huyo alikuwa nani kabla hajaitwa? Mtoza ushuru. Yesu alikula nyumbani kwake.

Paulo naye usimwachie kwenye barua ya kwanza. Soma 2 Wakorintho 2, aya ya 6 hadi ya 8. Anazungumzia mtu aliyeadhibiwa na kanisa, na wafafanuzi wengi wa zamani waliamini ni huyu huyu wa barua ya kwanza. Anasema adhabu aliyopewa inamtosha, sasa wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Paulo alimwadhibu mtu aliye hai ili arudi. Adhabu ilikuwa na tarehe ya kuisha. Maiti utamwadhibu arudi wapi?

Kuhusu vijana kujifunza vibaya, hiyo ni hoja nzito na sitaki kuipita. Ila mimi nilikuwa pale, nikawasikiliza wakati tunarudi makaburini kwenye Coaster. Sikusikia hata mmoja akisema, "Kumbe ndoa ni muhimu." Walikuwa wanaongelea watu wazito waliozikwa kwa misa kubwa huku nyumba ndogo zao zikiwa zimekaa mstari wa pili. Kama tungekuwa na msimamo mmoja kwa mama wa vitumbua na kwa mwenye gari la kifahari, labda wangejifunza ndoa. Walichojifunza ni kwamba msimamo wetu unajua nani maskini.

Na kuna jambo lingine linanishangaza hasa kwa sisi Wakatoliki. Misa ya wafu ni sala ya kumwombea marehemu msamaha. Haitolewi kama cheti cha kwamba alikuwa safi. Sasa kama tunaisoma kwa wasafi tu, tunamwombea nani?

#4 Binti wa Tabata

Niliapa sitachangia mada za kanisa tena lakini hii imenigusa.

Baba yangu alizikwa bila mchungaji. Sababu ni hiyo hiyo, mama alikuwa mke wa pili. Sibishi kwamba baba alikosea, mama mwenyewe hakuwahi kubisha. Kilichonivunja si uamuzi, ni jinsi tulivyoambiwa. Watu wazima walikuja wakasema mbele ya ndugu wa mke mkubwa, mbele ya wafanyakazi wenzake baba, mbele yetu sisi watoto. Wangetuita ndani, mimi na mama, wakasema kwa sauti ya chini, "Poleni sana, tunaweza kufanya hili, hili hatuwezi, na sababu yake ni hii," ningelia lakini ningeelewa.

Mama bado anatoa ahadi yake kila mwaka kwenye kanisa lile lile. Mimi sijaingia tena.

#5 Jirani wa Buguruni

Mimi ni Mwislamu, naomba ruhusa ya kuchangia kidogo kwa sababu makaburini huwa tunakwenda wote.

Kwetu kumwosha maiti, kumvika sanda, kumswalia na kumzika ni faradhi kifaya. Wakitekeleza baadhi, wengine wamesamehewa. Asipotekeleza hata mmoja, dhambi ni ya mji mzima. Ipo hadithi sahihi kwamba aliletwa maiti mwenye deni asiyeacha cha kulilipia, na Mtume, rehma na amani zimfikie, hakumswalia yeye mwenyewe, lakini akawaambia masahaba, "Mswalieni mwenzenu." Wanazuoni wanachukua humo kwamba kiongozi anaweza kujitenga ili watu waone uzito wa jambo, lakini jamaa hamwachi mwenzao.

Sisemi mfuate yetu. Nimeona tu yule mzee wa Kimara na mleta uzi huenda hawako mbali kama wanavyodhani. Mchungaji asipokuja ni jambo moja. Jumuiya nzima kususia ni jambo lingine.

#6 Katekista

Nimefanya kazi hii muda mrefu, niseme yanayotokea jikoni.

Moja, mara nyingi paroko hajui habari kamili. Anafikiwa na kiongozi wa jumuiya asubuhi akiwa anaingia misa, anaambiwa "huyu hakuwa hai kikanisa", anajibu kwa haraka. Ukimfuata baadaye ukamweleza vizuri kwamba marehemu alikuwa anasali, alipeleka watoto mafundisho, alikuwa anaulizia habari za ndoa, anabadilisha uamuzi. Mimi nimeshuhudia. Kwa hiyo wafiwa, msitume mtu mwenye kinyongo na marehemu. Nendeni wenyewe.

Pili, huo "uhai wa kikanisa" siku hizi unapimwa kwa kadi ya zaka. Kiongozi anafungua kadi, anaona miezi iliyoachwa wazi, anaguna. Hapo ndoa inatajwa lakini kinachodaiwa ni madeni.

Tatu, habari njema. Wanaoishi kama yule mama, njia ipo na haina ukumbi wala keki. Parokia nyingi hapa Dar zinafungisha ndoa za pamoja, jozi hata kumi kwa misa moja. Mnaleta vyeti vya ubatizo, mnapata mafundisho mafupi, mnatangazwa Jumapili tatu, mnakuja na mashahidi wawili na pete za kawaida kabisa. Wapo wanaokuja na gauni la kitenge na wakati wa chai wapo kwao. Shela si sakramenti. Nawaambia hivi kila mwaka na bado watu wanaona aibu.

#7 Mleta uzi

Katekista, ubarikiwe, hiyo ya tatu naomba kila mwenye jirani wa namna hiyo ampelekee leo.

Kwenye kadi ya zaka hapo niongeze. Kanuni ya 1181 ya sheria zile zile inasema juu ya sadaka za mazishi kwamba pasiwe na upendeleo wa watu, na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Anayemnyima marehemu sala kwa sababu ya miezi mitupu kwenye kadi hana sheria nyuma yake, na aambiwe hivyo kwa adabu lakini aambiwe. Zaka ni wajibu, mimi natoa. Ila Bwana katika Mathayo 23:23 aliwataja watu waliotoa zaka hadi ya mnanaa na bizari wakaacha adili, rehema na imani. Halafu hakuwaambia waache zaka. Aliwaambia hayo makuu yamewapasa, "wala yale mengine msiyaache". Ndiyo maana nakataa tunapolazimishwa kuchagua kati ya msimamo na huruma. Yeye hakuchagua. Hata yule mwanamke wa Yohana 8 aliyefumaniwa akizini, wakataka kumpiga mawe, maneno "wala mimi sikuhukumu" na "usitende dhambi tena" ameyasikia kwa pumzi moja, tena baada ya wenye mawe kuondoka. Hakusema la dhambi yake mbele ya umati.

Na mtu asiseme Kanisa likilegeza mazishi linalegeza imani, kwa sababu mfano tunao. Sheria ya zamani ya 1917 iliwanyima mazishi waliojiua kwa makusudi. Ya 1983 imewaondoa kwenye orodha. Je, Kanisa limeanza kufundisha kwamba kujiua ni sawa? Hata kidogo. Katekisimu ya 1992 bado inakuita kosa zito, lakini hapo hapo inasema mateso makubwa ya akili na hofu hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba Kanisa linawaombea. Fundisho limebaki pale pale. Kilichobadilika ni kwamba tumeacha kumpiga mjane kwa kosa la marehemu.

Biblia ilitangulia. Mfalme Sauli alijiangukia upanga wake, baada ya kumwasi Mungu na kumwinda Daudi maporini. Watu wa Yabesh-Gileadi walikwenda usiku kucha wakauchukua mwili wake kwenye ukuta ambako adui walikuwa wameutundika, wakazika mifupa. Daudi, ambaye ndiye aliyewindwa, alipopata habari aliwatumia wajumbe wa kuwabariki kwa fadhili ile. Hakuwauliza kama Sauli alikuwa hai kiroho.

Jirani wa Buguruni, asante. Umeona kitu ambacho mimi na mzee wangu tulikuwa tunakizunguka. Ningeweza kabisa kuishi na kanisa ambalo padre wake amejizuia kwa sababu anazoweza kuzieleza, mradi jumuiya iko pale, imeimba na imebeba jeneza.

#8 Mzee wa Kanisa, Kimara

Mleta uzi, marahaba. Kwenye uamuzi bado naona nidhamu ya kanisa lazima iwe na meno, sitarudi nyuma hapo. Ila hilo la kutangaza hadharani nimelipokea, na nitalipeleka kwenye kikao cha wazee. Tangazo la namna hiyo halina kazi yoyote ila kuumiza.

Binti wa Tabata, pole mwanangu. Pole sana. Waliokuambia vile walikuwa watu wazima kama mimi, na walipaswa kujua zaidi.

#9 Mchangiaji mgeni

Shikamooni wakubwa zangu. Nimejiunga leo, nimesoma uzi wote nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Mama yangu amelazwa, figo zimefeli, madaktari wametuambia tujiandae. Ni Mkatoliki. Baba ni Mwislamu, walifunga kwa mkuu wa wilaya, kanisani hawajawahi. Mama hajakomunika tangu mimi sijazaliwa lakini jumuiya hakosi. Jana akiwa na akili zake kaniambia anataka padre. Shangazi amekataa tusimsumbue padre, anasema hawezi kuja kwa sababu ya ndoa. Ni kweli?

#10 Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Si kweli, na usimsubiri shangazi akubali.

Pigia parokia yenu sasa hivi, au parokia yoyote iliyo karibu na hospitali. Sema hivi hivi: mgonjwa yupo katika hatari ya kufa, ni Mkatoliki, na ameomba padre mwenyewe. Neno hilo la "ameomba mwenyewe" lisisahaulike. Padre yeyote, hata asiye na ruhusa ya kuungamisha, anaweza kumwondolea dhambi mtu aliye katika hatari ya kufa, ni kanuni ya 976. Kuhusu mpako wa wagonjwa, padre atamwuliza mama maswali mawili matatu. Akishindwa kuongea, wewe uliyesikia ombi lake ndiye shahidi, kwa hiyo usiondoke pale.

Padre atauliza habari ya ndoa. Mjibu wazi, usifiche. Baba yako halazimiki kubatizwa. Mkatoliki kufunga na Mwislamu kunahitaji ruhusa ya askofu, lakini mtu akiwa katika hatari ya kufa na askofu hawezi kupatikana kwa wakati, kanuni ya 1079 inampa paroko uwezo wa kuitoa. Kwa hiyo mtafute baba sasa, mkae pembeni, umwulize kwa heshima kama yupo tayari kutoa kiapo cha ndoa mbele ya padre na mashahidi wawili palepale wodini. Asipotaka, usimlazimishe, na usiache kumwita padre kwa sababu hiyo. Mama bado anaweza kuungama na kuombewa.

Andika pia kwenye karatasi siku na saa mama alipoomba padre, na nani walisikia. Sikutishi, lakini mwenyekiti wa jumuiya akija kuuliza, iwe ipo.

Jina la hospitali usiliandike hapa. Nitumie kwenye ujumbe wa pembeni pamoja na namba ya wodi. Katekista, kama bado upo hewani nijibu, tutafute padre usiku huu huu.